Neno "run" lifundishwe ndani ya sentensi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi walimu wetu wa Kiingereza wasiwakaririshe wanafunzi kwamba "run" ni kukimbia tu, kwa kuwa Mwingereza hulitumia neno hilohilo kwa mto unaotiririka, injini inayofanya kazi, pua inayotoka kamasi, kanga inayochuja rangi, mtu anayeendesha duka na, hasa kule Marekani, mwanasiasa anayegombea urais. Wahariri wa Kamusi ya Kiingereza ya Oxford wamehesabu maana 645 za kitenzi hicho kimoja. Mtoto aliyekariri maana moja atakwama kwenye ufahamu, nami huumia anapoitwa mzembe ilhali kasoro iko kwenye ufundishaji. Kila maana isomwe ndani ya sentensi yake, tena kwa sauti.

Msomaji wenu,
Dodoma