Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu, TAMISEMI: darasa likadiriwe kwa bei ya pale linapojengwa

Ndugu Katibu Mkuu,

Yah: Makadirio ya majengo ya fosi akaunti (yanayosimamiwa na kamati na kujengwa na mafundi wa kawaida, bila mkandarasi) yatumie bei za sasa za eneo husika

Mwaka 2021, katika mpango wa madarasa 15,000, kila darasa lilitengewa Sh milioni 20. Mtwara, wenye kiwanda cha saruji mkoani humohumo, walipata kiasi hicho, na Ukerewe, ambako saruji, nondo na bati huvuka ziwa, walipata hichohicho. Kiwango kimoja kwa nchi nzima ni rahisi kupangia bajeti na rahisi kukagua, hilo tunalielewa. Sisi ni wakadiriaji majenzi na mafundi sanifu, na tunaomba jambo moja: ramani ibaki moja, vipimo na idadi ya vifaa vibaki vilevile, ila bei iwe ya kifaa kilichofikishwa saiti, katika mwezi wa kununua.

Tuchukue sakafu peke yake. Darasa la mita 7 kwa 9, lenye zege la unene wa sentimita 10, linahitaji zege mita za ujazo 6.3. Kwa mchanganyo wa 1:2:4 (saruji moja, mchanga miwili, kokoto nne), kila mita ya ujazo inakula karibu mifuko 6.3 ya saruji ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 0.45 na kokoto 0.9. Hiyo ni mifuko 40. Mfuko ukizidi kwa Sh 4,000 kwa sababu ya usafiri, sakafu tu imepungukiwa Sh 160,000, na hapo hujagusa msingi, tofali, lenta wala lipu.

Pengo hili halionekani mapema. Msingi unajengwa vizuri kwa kuwa fedha bado ipo. Shida huanza kwenye lenta na kupaua: nondo za mm 12 zinageuka mm 10, bati la geji 28 linakuwa la geji 30, ambalo ni jembamba zaidi, zege la 1:2:4 linakuwa 1:3:6, na kamati ya ujenzi inarudi kwa wazazi kuomba mchango wa kumalizia. Fundi analaumiwa, mwalimu mkuu anaandikiwa hoja ya ukaguzi, wakati kosa lilianzia kwenye karatasi ya makadirio.

Kuna njia ya mkato inayotumika sana: kuchukua BOQ (orodha ya vifaa na kazi pamoja na vipimo na bei zake) ya mwaka uliopita na kuongeza asilimia ya mfumuko wa bei. Tunaipinga kabisa. Mfumuko unaotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) unapima kikapu cha mlaji: chakula, nauli, kodi ya nyumba, mavazi. Nondo inaweza kupanda sana mwaka ambao unga umeshuka. Fahirisi za bei za ujenzi zinazotolewa na Baraza la Taifa la Ujenzi zinafaa zaidi, lakini nazo haziwezi kukuambia tripu ya mchanga inauzwaje kwenye kata fulani.

Bei ya kata lazima ikatafutwe kwenye kata, na ina mitego yake. Wa kwanza ni kipimo. BOQ inahesabu nondo kwa kilo, duka linauza kwa kipande. Nondo ya mm 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa iwe na uzito wa karibu kilo 10.7. Ukikuta duka moja lina bei ya chini kuliko mengine, pima kipande kwenye mizani kabla ya kuandika bei. Mara nyingi utakuta ni nyembamba au imekatwa. Tripu nayo si kipimo. Pima urefu, upana na kina cha bodi la lori, kisha gawa bei kwa mita za ujazo ulizopata. Na mchanga ukiwa na unyevu hufura, unaweza kuonekana umezidi kwa robo nzima, kwa hiyo andika kama ulipimwa mkavu au umelowa.

Mtego wa pili ni bei ya nani. Anayelipa taslimu dukani anapewa bei moja. Halmashauri inapewa nyingine, kwa sababu mzabuni anahesabu VAT ya asilimia 18, kodi ya zuio ya asilimia 2 inayokatwa kwenye bidhaa anazoiuzia Serikali, na muda atakaosubiri malipo. Makadirio yakitumia bei ya taslimu, nukuu za wazabuni zote zitaonekana zimepandishwa hata kama hazikupandishwa. Ongeza pia usafiri na gharama ya kushusha, kila kimoja kwenye mstari wake.

Upande wa ufundi tuseme kwa kifupi: fedha zikishuka siku moja kwa kata zote, mafundi wanagombaniwa na bei yao inapanda. Bei ya ufundi iulizwe upya wakati huohuo, isinakiliwe.

Tunapendekeza kila halmashauri iwe na orodha fupi ya vifaa vinavyobeba sehemu kubwa ya gharama: saruji, nondo, bati, mbao, mchanga, kokoto, mawe na tofali. Kila robo mwaka, fundi sanifu akusanye bei tatu kwa kila kifaa, zenye tarehe, kipimo, jina la duka na umbali hadi kata, achukue ya kati badala ya ya chini kabisa, kisha azilinganishe na bei walizoshindia wazabuni kwenye NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi wa kielektroniki. Makadirio yenye bei zilizopita siku 90 yasitumike kutoa fedha kabla ya kuhuishwa. Fungu la dharura la asilimia 5 libaki kwa yale yasiyojulikana, kama udongo mbaya wa msingi, lisigeuzwe kiraka cha bei za zamani.

Tunaomba waraka wa kuagiza hayo utoke kabla halmashauri hazijaanza maandalizi ya bajeti ijayo, ili bei za kwanza zikusanywe kiangazi na za pili masika. Mchanga wa mtoni huadimika mvua zikishika, na bei ya kiangazi peke yake itaidanganya halmashauri itakayojenga mwezi Machi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Wakadiriaji majenzi na mafundi sanifu ujenzi