Kikundi kinidhamini, biashara ibaki yangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo vijana wengi wa Moshi na Arusha wanaoanzisha biashara za teknolojia hulilalamikia wakiwa kwenye meza za chai, lakini sijaliona likiandikwa. Karibu kila mlango wa msaada uliofunguliwa kwa ajili yetu umepimwa kwa upana wa watu watano, na anayefika peke yake huambiwa arudi akatafute wenzake.

Mimi nina biashara ndogo niliyoianzisha peke yangu. Kwa miaka sita nilikuwa muuzaji katika duka la kukodisha vifaa vya kupandia Mlima Kilimanjaro, yaani makoti ya baridi, buti, mifuko ya kulalia, fimbo na taa za kichwani. Anayeijua kazi hiyo anajua pia balaa lake. Koti likitoka leo na mgeni anayepanda kwa njia ya Machame halirudi kabla ya siku sita au saba, na mara nyingi anayelirudisha si yule aliyelichukua, bali ni mpagazi aliyetumwa usiku na mwongozaji ambaye jina lake limeandikwa harakaharaka katika daftari lililomwagikiwa chai. Msimu ukiisha, tajiri anahesabu mifuko ya kulalia, anakuta minne haipo, na wa kuulizwa ni muuzaji. Nilikatwa mshahara mara mbili kwa sababu hiyo, na baada ya mara ya pili nikaanza kujifunza kuandika programu, usiku, kwa kompyuta ya kuazima.

Programu yenyewe haina maajabu. Kila kifaa kinashonewa namba. Muuzaji anaingiza namba hiyo pamoja na namba ya simu ya aliyekichukua, na siku ya kurudisha inapofika ujumbe mfupi unakwenda wenyewe kwa mwongozaji, na mwingine kwa mwenye duka. Kila duka hulipa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa lipa namba. Duka la kwanza kuitumia lilikuwa la tajiri yuleyule aliyenikata mshahara, na sikumpunguzia bei. Leo ni maduka 19, yaani 12 ya Moshi na 7 ya Arusha, ambako nakwenda kila Jumanne kwa basi.

Hesabu yangu naiweka wazi kwa makusudi. Maduka 19 yakilipa yote ni shilingi 380,000 kwa mwezi. Lakini Aprili na Mei mvua za masika hufukuza wageni mlimani, Novemba nayo huwa na vuli, na katika miezi hiyo mitatu wengi hawalipi wala mimi siwabani, maana nilikaa upande ule wa kaunta na najua droo inavyokuwa tupu. Kwa hiyo mauzo ya mwaka ni kama shilingi 3,420,000, kabla sijalipia seva, jumbe na nauli. Kwa mtu mmoja anayeishi kwa mama yake na kufanya vibarua vingine vya kompyuta, fedha hiyo inatosha kuiweka biashara hai hadi ikue. Kwa watu watano ni shilingi 57,000 kwa kila mmoja kwa mwezi, na nina hakika kwamba wanne kati yao wangekuwa wameondoka kabla ya masika ya kwanza kwisha, nami nisingewalaumu.

Nilipokwenda katika ofisi moja ya halmashauri kuulizia mkopo, niliambiwa kwa upole kabisa kwamba nilete kikundi cha watu watano chenye katiba, akaunti ya benki na mradi mmoja. Wasomaji wanajua kwamba kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka uliofuata, na wengi tulitumaini kwamba katika kurekebishwa huko mtu aliye peke yake angekumbukwa.

Matokeo ya sharti la kikundi kila mtu anayajua, hata kama hayasemwi mbele ya afisa. Kijana mwenye wazo huandika jina la dada yake, la binamu, la jirani na la fundi simu wa mtaani, wanapiga picha pamoja mbele ya banda la kuku la mtu mwingine, na fedha zikitoka ama anazichukua mmoja na deni linabaki la wote, ama zinagawanywa sawa kwa watano na hakuna biashara inayoanzishwa. Binafsi nilishawishiwa kufanya hivyo na nikakataa. Si kwa uadilifu mkubwa, bali kwa sababu binamu niliyepangiwa namfahamu vizuri.

Najua nitajibiwa kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Najua pia kwamba ninaandika kutoka Moshi, mji ambao ushirika ndio jina lake la pili, ambapo wakulima wa kahawa walianzisha chama chao mwaka 1925, kikazaa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, mwaka 1933, na ambapo kuna chuo kikuu kizima cha ushirika. Babu yangu alipeleka kahawa yake kwenye chama maisha yake yote na sina neno baya juu ya hilo. Lakini wazee wale walijiunga wakiwa na kahawa tayari kihambani. Kila mmoja alikuwa na gunia lake, bidhaa ilikuwa moja, mnunuzi alijulikana, na walichokikosa ni nguvu ya kupatana bei. Biashara changa haina gunia. Ina jambo ambalo halijathibitishwa, linalobadilishwa kila wiki kwa sababu mteja wa jana alicheka, na mabadiliko hayo yakisubiri mkutano wa wanachama, muhtasari na sahihi tatu, mteja huyo atakuwa amerudi kwenye daftari lake.

Wala sidai kwamba upweke hauna gharama. Julai ya mwaka wangu wa pili, msimu ukiwa umepamba moto, nililazwa siku tano kwa malaria, na siku ya pili yake seva ikasimama. Hakuna ujumbe hata mmoja uliotoka. Mama mmoja mwenye duka karibu na stendi kuu alipoteza makoti mawili, na alipokuja kunitazama hospitali alileta machungwa pamoja na orodha ya makoti hayo. Nilimlipa kwa kumwachia miezi mitano ya huduma. Tangu hapo nina mapatano na mwenzangu wa Arusha ambaye naye ana programu yake ya mahesabu ya maduka ya dawa: kila mmoja ameandika katika daftari jinsi mfumo wake unavyowashwa na kutengenezwa, kila mmoja ameweka maneno yake ya siri katika bahasha iliyogundishwa kwa mwenzake, na mmoja akiugua au akifiwa mwingine anashika zamu. Hakuna anayemiliki hata sehemu ndogo ya biashara ya mwingine. Huo ni ushirikiano, na haukuhitaji katiba.

Wanawake wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, wameuelewa utaratibu huu siku nyingi. Kompyuta ninayoitumia leo niliinunua kwa mkopo wa kikundi changu cha VICOBA. Wenzangu walinidhamini, nilichelewesha rejesho moja nikatozwa faini mbele ya wote, nikamaliza deni. Lakini hakuna mama aliyewahi kudai kwamba kwa kuwa amenidhamini, basi programu ni yake, kama vile mimi nisivyodai genge la yule niliyemdhamini.

Ninachoomba, kwa hiyo, si fedha za bure wala kufutwa kwa vikundi. Naomba kanuni ziruhusu kikundi kisimame kama mdhamini, na mkopo uende kwa mwanachama mmoja mwenye biashara yake, akipimwa kwa kumbukumbu za mauzo za angalau mwaka mmoja badala ya picha ya banda la kuku. Si jambo geni. Kwa upande wa watu wenye ulemavu, kanuni zimekwisha kumkubali mtu mmoja mmoja. Hata Sheria ya Makampuni, ambayo ilipotungwa mwaka 2002 ilitaka waanzilishi wawili au zaidi, ilirekebishwa mwaka 2012 ikaruhusu kampuni ya mwanahisa mmoja.

Niongeze moja kwa wanaotoa semina. Acheni kumsukuma kila kijana asajili kampuni siku ya kwanza. Mimi nimesajili jina la biashara kwa wakala wa usajili, BRELA, nina namba ya mlipakodi (TIN) na leseni, na inatosha kwa sasa. Mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka anaweza, kwa biashara nyingi, kukadiriwa kodi kwa kufuata mauzo, na asiyevuka milioni 4 hatozwi kodi hiyo. Kampuni haina njia hiyo, hutakiwa kuandaa hesabu na kuwasilisha ritani hata kama mwaka mzima haijauza kitu. Nawafahamu wawili wanaodaiwa faini za kampuni ambazo hazijawahi kuwa na mteja.

Kumbukumbu zangu za mauzo za miaka mitatu, duka kwa duka na mwezi kwa mwezi, zimo katika daftari na katika kompyuta. Afisa yeyote anayetaka kuzikagua atanikuta nyumbani asubuhi, isipokuwa Jumanne.

Msomaji wako,
Majengo, Moshi