Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: si kila mguu mnene ni matende

Shikamoo Daktari,

Nakuandikia kutoka Mikindani, huku tunakoyajua matende tangu utotoni. Kwa hiyo miguu yangu ilipoanza kujaa kwenye mimba yangu ya kwanza, hakuna aliyeuliza mara mbili. Majirani walisema matende, zahanati wakasema matende. Nimemeza kingatiba ya matende kila wahudumu walipopita kuigawa, na nitaendelea kuimeza maana inatukinga sote, lakini miguu haikupungua. Wengine wakasema ni unene tu, nipunguze ugali. Nikapunguza. Uso ukasinyaa, mapaja yakabaki vilevile.

Na yanauma, Daktari. Nikiketi kubangua korosho, mjukuu alikuwa akinirukia mapajani kwa furaha, nami napiga yowe. Kesho yake pamevilia damu. Siku hizi harukii tena; husimama kando akaniuliza, "Bibi, leo panauma?"

Daktari mmoja Dar es Salaam ndiye wa kwanza kunivua viatu. Mafuta yameshuka sawasawa miguu yote miwili mpaka kifundoni, yakakatika hapo kama nimevaa bangili, na vitanga vya miguu ni vyembamba. Akafinya ngozi juu ya kidole cha pili, ikanyanyuka. Kwenye matende yaliyokomaa huwa ngumu, haishikiki. Akaniambia ni lipedema, ugonjwa wa tishu za mafuta. Madaktari wa Marekani waliueleza tangu 1940! Huwapata karibu wanawake watupu, mara nyingi ukianza wakati wa kubalehe, mimba au kukoma hedhi, na mara nyingi hutembea katika ukoo. Mama yangu amezikwa akiitwa mwenye matende. Miguu yake ilikuwa hii hii.

Dawa ya kuuondoa hakuna. Soksi za kubana na mazoezi ndani ya maji hupunguza maumivu, na bahari tunayo mlangoni. Soksi ndizo za kutafuta.

Wahudumu wako wanapofundishwa kabla ya kugawa kingatiba, naomba waongezewe hili: mwanamke akija na miguu minene, avue viatu, vitanga viangaliwe, aulizwe kama akiguswa anaumia. Akikutwa na matende na lipedema pamoja, atibiwe yote mawili.

Siku hiyo mkinihitaji nitakuja na khanga yangu, nikae mbele, waiguse miguu hii kwa mikono yao. Taratibu tu.

Mkazi wa Mikindani