Risala ya Wahitimu wa Stashahada ya TEHAMA kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mahafali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi na walezi, itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mungu kukufikisha salama, maana barabara uliyopita tunaijua. Chuo chetu kilianza na darasa moja la uhazili na mashine za taipu. Leo kinafundisha TEHAMA kuanzia ngazi ya nne hadi ya sita. Mafanikio ni mengi, muda ni mchache. Tumeshika nafasi ya pili wilayani kwa usafi wa mazingira, na mwenzetu mmoja amebuni mfumo wa kuhesabu sahani za bwalo, uliofanya kazi vizuri kabisa hadi kompyuta ya stoo ilipoungua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto hazikosekani, ila kamati imekubaliana tukusumbue kwa moja tu: intaneti.

Wengi wetu tunakusudia kujiunga na chuo kikuu. Aliyetoka kidato cha sita anaomba kwa namba yake ya mtihani, basi. Sisi wa stashahada, hata uwe umevuka wastani wa ufaulu (GPA) wa 3.0 unaotakiwa, huombi mpaka upate namba ya uhakiki, AVN, kutoka NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya vyuo vya ufundi kama chetu. Na namba hiyo haitoki mpaka chuo kiwe kimepandisha matokeo yako kwenye mfumo wao. Hapo ndipo penye tabu. Matokeo yetu husafiri kwa bodaboda. Mwalimu wa taaluma huyabeba kwenye flashi hadi mjini, akakuta foleni au umeme umekatika, akarudi nayo. Mwaka jana dirisha la udahili lilifungwa wenzetu kadhaa wakiwa bado wanasubiri namba. Mmoja wao ana GPA ya 4.2. Yupo hapa leo. Ndiye aliyefunga vipaza sauti hivi.

Somo la mitandao nalo tumelisomea ubaoni, ruta tunaichora kwa chaki. Anayetaka kupakua programu huenda nyuma ya jiko, chini ya mwembe, ambako ndiko mtandao unakoshika, kwa bando la kuchangishana.

Na siyo kwamba mkongo wa intaneti uko mbali. Umepita hapo mbele ya geti. Mgeni rasmi wa mwaka juzi, ambaye tunamheshimu sana, alisema tungeunganishwa kabla ya Pasaka. Tulipiga makofi mengi. Kisha tukachimba mtaro kwa mikono yetu, kutoka getini hadi maabara. Mgeni rasmi wa mwaka jana akauona, akausifu, akaahidi kufuatilia. Masika yameufukia. Ahadi ni deni, Mheshimiwa, ila sisi wadeni wetu hatuwapelekei mgambo, tunawaalika mahafali.

Kwa heshima zote, tunaomba waya wa kutoka barabarani hadi maabara na malipo ya huduma kwa mwaka wa kwanza. Mtaro tutauchimba tena. Tutafurahi zaidi ahadi ikitajwa pamoja na tarehe, na jina la ofisa wa kumpigia simu. Kitabu cha wageni kiko mezani kwako. Kurasa za miaka miwili iliyopita tumezibana kwa klipu ili usihangaike kuzitafuta.

Naomba kuwasilisha.