Bazilike yako, kata kichwa!

Mwanangu Furaha,

Foto ya bazilike yako, ule mrehani wa kupikia, nimeiona kwa WhatsApp, nikacheka hadi babako akauliza kuko nini. Imekuwa ndefu kama antena, juu majani matatu, chini kijiti kitupu. Ni sababu unachumaka majani ya chini na kuacha kichwa. Hapana mama, kichwa njo cha kukata! Angalia fasi majani mawili yanatoka pamoja, moja huku moja kule, pale yanashikana na kijiti utaona vijani vidogo sana vinajificha, sasa kata juu yao kidogo, vile vidogo vitakuwa matawi mawili, na yenyewe yakikomaa unakata tena vilevile. Usiogope. Na ukiona maua toa palepale, ikishaanza mambo ya mbegu majani yanapunguka na utamu unaenda.

Kile kichwa usitupe chote kwa sosi. Toa majani ya chini, simamisha kijiti ndani ya glasi ya mayi karibu na dirisha, mayi ubadilishe mara kwa mara, wiki moja ao mbili mizizi inatoka unapanda. Mimi mbegu sinunuaki tena.

Ile ndoo ya rangi uliipandia, iko na matundu chini? Kwa foto sikuona. Toboa na musumari wa moto, mayi ikikaa ndani mizizi inaoza, utafikiri mti una kiu kumbe unazama. Huku Goma tuna bahati, kokoto nyeusi za volkano ziko kila parsele, nachanganyaka na udongo na mbolea ya mbuzi iliyokwisha kuoza vizuri, mayi inapita bila shida. Weye tafuta hata mchanga wa mto.

Mayi mwagia asubui, kwa udongo, si juu ya majani. Ingiza kidole kwanza, kukiwa bichi acha. Mi nawekaka ile ya kuosha mboga ya lenga-lenga, sababu kubeba bido ya mayi toka ziwani kwa ajili ya bazilike, hapana kabisa! (Ila mayi ya chumvi usijaribu.)

Sasa kitu kikubwa: kipwa, ule wakati mvua hainyeshi. Hiyo baridi ya Lubumbashi ya mwezi wa sita na wa saba ni mbaya kuliko ya kwetu, na bazilike ni mti wa joto, chini ya digri 10 majani yanakuwa meusi. Mchana iache kwa jua, hata masaa sita, magaribi ingiza ndani ya nyumba. Njo maana hata kwa frigo usiyaweke majani, yaweke kwa glasi ya mayi pale mezani.

Ukipika tomati ao samaki ndogo za ndakala, toa sufuria kwa moto kwanza, ndipo uyatupie ndani. Babako anakusalimia, anauliza kama mutihani wa statistiki ulipita.

Mama yako