Barua kwa Mwanangu Katika Mwezi wa Heshvani

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Hapa Dodoma sote hatujambo, na tunasafisha mashamba tukingojea mvua za Desemba.

Umeniandikia kwamba tangu sikukuu za Tishri, mwezi wa Kiyahudi unaotangulia Heshvani, zilipokwisha mambo yamepoa huko Arava, bonde la jangwa kusini mwa Israeli, na kwamba wenyeji wako wenyewe wanauita Heshvani mwezi mtupu. Ni kweli kwamba Torati haikuupa hata sikukuu moja, nawe umetoka katika mwezi ambao Mwaka Mpya, Siku ya Upatanisho na Sikukuu ya Vibanda hufuatana ndani ya siku 22. Hata hivyo, katika miaka yote niliyofundisha Biblia, sijaona mwezi wa Kiyahudi unaonigusa kama huo.

Wewe unayesomea kilimo umekwisha kuona kwamba nchi hiyo haipati mvua kiangazi chote. Siku ya mwisho ya sikukuu, tarehe 22 Tishri, Wayahudi huanza kumtaja Mungu katika sala kuwa ndiye avumishaye upepo na kunyesha mvua. Humtaja tu, kuiomba mvua yenyewe bado. Ombi hilo huanza kusemwa huko Israeli usiku wa kuamkia tarehe 7 Heshvani, na sababu yake imo katika Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, uliokamilishwa karibu na mwaka 200. Enzi za Hekalu mahujaji walipanda Yerusalemu kutoka mbali, wengine kutoka ng'ambo ya mto Frati, na kwa hiyo Rabani Gamalieli, mmoja wa walimu hao, alitaka ombi lisubiri siku 15 baada ya sikukuu, ili msafiri wa mwisho awe ameufikia mto huo kabla mvua haijamkuta njiani.

Fikiria, mwanangu, mkulima ambaye kisima chake kinakaribia kukauka na mbegu zake ziko tayari, anazuia ombi lake kwa ajili ya mtu asiyemjua ambaye bado yuko safarini. Hekalu lilibomolewa mwaka 70 na mahujaji wale hawapo tena, lakini siku 15 zingali zinangojewa. Sisi si Wayahudi, na sikushauri uigize sala zao. Ila sisi wa Dodoma, ambao huanza kuomba mvua pale tu mawingu yanapochelewa, tena kila mtu kwa shamba lake, tuna la kujifunza hapo.

Kuna jambo jingine. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme chasema kwamba nyumba aliyoijenga Sulemani ilimalizika katika mwezi wa nane, uitwao humo Buli, ambao ndio Heshvani, lakini sherehe ya kuiweka wakfu ilifanyika katika mwezi wa saba, yaani Tishri. Mapokeo ya marabi husema kwamba mwezi wa Heshvani ulinyimwa haki yake, na Mungu anadaiwa nao. Deni litalipwa katika Hekalu lijalo. Mimi huona kwamba sehemu yake imekwisha kulipwa, tena kutoka Afrika. Wayahudi wa Ethiopia huadhimisha sikukuu yao iitwayo Sigd tarehe 29 Heshvani, siku ya 50 ukihesabu kuanzia Siku ya Upatanisho yenyewe. Walipokuwa kwao walifunga, wakapanda mlimani, wengine wakiwa na mawe kichwani kwa unyenyekevu, wakasomewa Maandiko kwa Kigeezi, lugha ya kale ya Ethiopia, na kuomba warudishwe Yerusalemu. Mwaka 2008 bunge la Israeli liliifanya Sigd kuwa sikukuu ya taifa.

Kwa hiyo ukipewa ruhusa, panda basi siku hiyo uende Yerusalemu. Utawatambua makuhani wao, waitwao kesi, kwa miavuli ya rangi nyingi inayoshikwa juu yao. Kaa nao mpaka wafungue saumu, kisha uniandikie kama wazee bado hubeba mawe, na kama vijana waliozaliwa huko huelewa Kigeezi kinachosomwa.

Ni mimi mama yako