Wifi, ile filamu isiyo na rangi

Wifi yangu mpenzi,

Juzi ulipoona picha haina rangi uliniambia nibadilishe, nami nikabadilisha kwa kuwa ulikuwa mgeni wangu. Tangu hapo moyo haujatulia. Nakuandikia hapa mbele ya watu ili na wengine wanaozikimbia filamu za zamani wasome.

Ile ni The Lady Vanishes, ya Uingereza, mwaka 1938. Mwongozaji ni Alfred Hitchcock, kabla hajahamia Marekani. Ulisema ujasusi na mapenzi havipikiki chungu kimoja. Humu vimepikika, wifi, na kicheko kimekolea.

Iris, msichana wa Kiingereza, anarudi London kuolewa na bwana wa ukoo mkubwa, na ukimsikiliza anavyomtaja utajua hampendi. Theluji imeziba reli, wasafiri wamekwama hotelini katika nchi ya kubuni, Bandrika. Chumba cha juu yake yupo Gilbert, kijana anayekusanya ngoma za asili za huko, na usiku huo anawachezesha watu mpaka dari inatikisika. Iris anamhonga meneja amfukuze. Gilbert anabeba mizigo yake na kuhamia chumbani kwa Iris! Wanaanza hivyo, kwa kuchukiana.

Kesho yake kwenye treni Iris anakaa na Bi Froy, bibi mmoja mpole aliyekuwa akifundisha watoto wa familia ya huko. Wanakunywa chai ambayo bibi ametoa mkobani mwake. Iris anasinzia. Akiamka, bibi hayupo, na behewa zima linasema hakuwahi kuwepo.

Hapa ndipo ninapoipendea. Si wote wanaokana ni wabaya. Charters na Caldicott, Waingereza wawili wapenda kriketi, walimwona, ila wanaogopa treni ikicheleweshwa watakosa mechi ya kriketi Manchester. Wakili anayesafiri na kimada hataki jina lake lifike magazetini. Kila mmoja ana kauongo kake kadogo, na vikijumlishwa, mtu mzima anafutika. Daktari naye anasema ni lile pigo la kichwani alilopata Iris kabla ya kupanda.

Gilbert mwanzoni hana hakika, lakini anatafuta naye, behewa kwa behewa. Iris akiwa ameshaishiwa nguvu, takataka zinatupwa nje kutoka jikoni, na karatasi ya pakiti ya ile chai inanata kwenye kioo cha dirisha. Ni sekunde chache tu, upepo unaichukua. Gilbert ameiona. Kwangu mimi amempenda palepale. Busu linakuja baadaye sana, London, ndani ya teksi.

Mtazame mtawa aliyevaa viatu vya visigino virefu. Na siri yenyewe ya kijasusi haimo kwenye bahasha. Imo ndani ya wimbo, ambao lazima mtu aukariri mpaka London. Kuna na bwana mmoja anayeshuka kwenye treni na kitambaa cheupe akidhani maadui watamhurumia. Kumbuka ni 1938, vita vya dunia vilianza mwaka uliofuata. Sikucheka hapo.

Jumamosi nakungoja, nitachemsha chai ya tangawizi. Kaka yako akitaka mpira, aende kibanda umiza.

Wifi yako